Kamera Isiyopita Bei ya Mbuzi

Tulipokuwa tunapaka rangi nyumba ya mama kule Mbumbuni, picha ya harusi yake ilianguka kutoka ukutani, kioo kikapasuka. Mama hakukasirika. Alisema kioo hicho kilikuwa kimejaa uchafu wa nzi, afadhali kimejiondokea chenyewe. Mimi ndiye niliyeinama kuokota vipande, na nyuma ya picha, kati ya kadibodi na ukuta wa fremu, nikakuta negativu, ule utando wa filamu ambao picha huchapwa kutoka kwake.

Sikuwa nimewahi kuona negativu kubwa namna ile. Zile nilizozijua utotoni zilikuwa ndogo, zimepangwa kwenye utepe kama madirisha ya basi, na ukitaka kumtambua mtu ilibidi ubahatishe. Hii ilikuwa mraba mmoja peke yake, pana kama biskuti. Nikaiinua dirishani. Baba alikuwa na suti nyeupe na uso mweupe, mama kavaa gauni jeusi tii, na meno yake yalikuwa meusi pia.

"Mbona unaniletea mashetani?" mama akauliza.

"Ni wewe huyu, mwaitu."

"Mimi sijawahi kuwa na meno meusi."

Lakini alisogea. Tulibanana pale dirishani, mimi na mama yangu, rangi ya ukuta ikikauka kwenye mikono yetu, tukaanza kuona vitu. Pini iliyoshika ua kwenye koti la baba. Uzi uliofumuka kwenye glavu ya mama. Na nyuma kabisa, karibu na mlango wa kanisa, kuku. Kwenye picha yenyewe kuku huyo alikuwa doa tu, miaka yote tulidhani ni jiwe. Mama alicheka hadi akakaa kwenye ndoo ya rangi, na bahati nzuri ilikuwa na kifuniko.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Nilijua kidogo jinsi mwanga unavyobadilisha chumvi za fedha, nilikuwa nimelifundisha somo hilo mara nyingi kwa mdomo mkavu, bila kulipenda. Siku ile nililipenda. Nilirudi nyumbani nikitaka kitu kimoja tu, nikikitaka kama mtoto anavyotaka puto: kamera ya filamu pana.

Mume wangu anafanya kazi ya mbegu katika kituo cha utafiti kule Kiboko, na mimi humfuata wikendi. Nilimweleza habari hiyo akiwa anakula.

"Simu yako ina kamera tatu nyuma na moja mbele," akasema. "Unataka ya tano ya nini?"

"Nataka ya filamu. Unapiga picha kumi na mbili, basi."

"Kumi na mbili kwa siku?"

"Kumi na mbili, halafu filamu imeisha."

Aliacha kutafuna. Yeye ni mtu wa vipimo, anapenda kila jambo liwe na mpaka, kwa hiyo hakukataa. Aliweka sharti. Kamera isipite bei ya mbuzi mmoja mzuri. Ikipita hapo, tutanunua mbuzi.

Nikaanza kusoma. Nilisoma kwenye simu wakati wa mapumziko, nilisoma nikisimamia mitihani, nilisoma nikisubiri maharagwe yaive. Nikajua kwamba kamera mpya za aina hiyo ni bei ya shamba, na zile kuukuu zenye majina makubwa ni bei ya ng'ombe. Lakini zipo za maskini. Kuna zinazokunjwa, zenye kifuko cha ngozi kinachofunguka kama kodiani. Na kuna za macho mawili, lenzi moja juu ya nyingine: ya juu ni ya kutazamia, ya chini ndiyo inayopiga. Nikajua pia mambo ya kukagua. Mulika lenzi kwa tochi, utafute kuvu. Fungua na ufumbe shata, kile kipazia cha chuma kinachoingiza mwanga, usikie kama kinakwama. Na uhakikishe inatumia filamu ambayo bado inatengenezwa.

Somo hilo la mwisho nililipata kule Salama, kando ya barabara kuu, kwa mfanyabiashara anayeuza redio za zamani, pasi za makaa na saa za ukutani zisizokubaliana. Alikuwa na kamera ya kukunjwa. Aliifungua mbele yangu, kifuko kikachomoza polepole, na mimi nikapiga kelele ndogo ya furaha ambayo mnunuzi mwenye akili hapaswi kuipiga.

"Inafanya?" nikamuuliza.

"Ilikuwa inafanya."

"Mwisho lini?"

"Madam, mimi nimeikuta hivyo. Lakini ni original kabisa."

Niliomba niingize tochi ndani ya kifuko. Tulijifunika shuka moja nzito aliyokuwa anauza, mimi na yeye, ili tupate giza, na mume wangu akabaki nje akiwaeleza wapita njia kwamba mkewe ananunua kamera. Nikawasha tochi. Kifuko kikameta kila kona. Matundu yalikuwa mengi, yamejaa kama nyota.

"Kumbe ni nzuri hivi!" mfanyabiashara akasema, kwa dhati kabisa.

Ilikuwa nzuri. Ila kwa kupiga picha, kila tundu lingekuwa doa. Tena nilipotazama ndani nikaona kigurudumu chake ni cha filamu iliyoacha kutengenezwa zamani. Tulitoka chini ya shuka tukitokwa jasho, tumekuwa marafiki. Alinipunguzia bei mara nne, na kila alipopunguza nilitamani kuinunua zaidi, hadi mume wangu akanishika mkono akanipeleka garini. Niliinunua shuka.

Ya pili niliiona kwenye mtandao, inauzwa na kijana wa Nairobi. Ilikuwa ya macho mawili, inang'aa. Nikamwomba aweke shata kwenye sekunde moja, anirekodie mlio wake. Alituma. Nilikuwa chumba cha walimu, nikaweka simu sikioni. Kwanza kulikuwa na *tsss*. Halafu kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu kiasi kwamba ningeweza kumsalimu mtu na kumuuliza habari za mvua kwao. Halafu *tak*. Nilimrudia kijana kumwambia sekunde yake ni ndefu. Akanijibu kwamba kamera za zamani hazina haraka. Nilimpenda kwa jibu hilo, lakini sikununua.

Mwenzangu mmoja wa kazini, mwalimu wa dini ya Kiislamu aliyezaliwa Kitui mjini, alinisikia nikisikiliza mlio ule kwa mara ya kumi na kitu. Akauliza nasikiliza nini. Nilipomweleza akasema mtaani kwao kuna bibi mmoja, mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa na studio ya picha. Nusu ya vitambulisho vya wazee wa Kitui, alisema, ni kazi ya mkono wake. Akampigia simu palepale. Bibi akasema tuje, kamera zipo kabatini, mbili.

Mbili! Sikulala vizuri wiki hiyo.

Tuliondoka Kiboko Jumamosi asubuhi na pikapu ya mume wangu, tukapinda Kibwezi, tukashika lami ya Kitui. Nilikuwa na filamu mbili mkobani, nilizoagiza kabla hata ya kuwa na kamera. Mume wangu aliziona tulipokuwa tunapita Ikutha.

"Umenunua mbegu kabla ya shamba," akasema.

"Wewe endesha."

Bibi alitupokea barazani, amevaa dera la zambarau na mtandio mweupe. Familia yao ilitoka pwani zamani, upande wa Lamu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, laini. Sisi Wakamba hatuna mazoea ya shikamoo, lakini nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu kimya ni nani?"

"Ni mume wangu."

"Mrefu. Atatufaa."

Hatukuelewa atatufaa kwa nini. Tulikunywa chai ya tangawizi na kaimati, tukaulizwa habari za wazazi wetu wote, wazima na waliotangulia, na mimi macho yangu yalikuwa kabatini muda wote. Bibi aliniona. Akatoa ufunguo kifuani.

Kamera ya kwanza ilitoka ndani ya mkoba wa ngozi ya kahawia. Ilikuwa ya macho mawili, nikeli yake inang'aa, haina mkwaruzo. Ya pili ilitoka ndani ya taulo. Ya macho mawili pia, lakini ngozi yake ilikuwa imebanduka upande mmoja, pembe zimepauka hadi shaba inaonekana, na mahali pa dole gumba pamelika.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwa ile ya kwanza. Nikatoa tochi, nikaimulika lenzi. Ndani, katikati kabisa, kulikuwa na kitu kama utando wa buibui, kimesambaa vizuri. Kuvu. Nikaiweka chini, nikaichukua ile ya taulo bila matumaini. Nikamulika. Ilikuwa safi. Vumbi kidogo tu. Nikaweka shata kwenye sekunde moja, nikavuta kishikio chake kidogo cha pembeni, nikabonyeza. *Tsss-tak*. Nikarudia. *Tsss-tak*. Nilimtazama mume wangu, naye, mtu wa vipimo, alikuwa ametoa simu anapima muda.

"Sekunde moja," akasema. Sauti yake ilipanda. "Sekunde moja kamili!"

"Hiyo yenye mkoba marehemu aliiweka dirishani watu waione," bibi akasema. "Ukinunua nitakuuzia kwa furaha. Lakini hiyo ya taulo ndiyo iliyosomesha watoto wangu."

Nilifungua kifuniko cha juu, nikainamisha kichwa kutazama. Hapo ndipo nilipopotea. Kioo kidogo cha mraba kilikuwa na baraza nzima ndani yake, inang'aa: vigae, birika, mkono wa bibi wenye hina. Nikamtafuta mume wangu. Kwenye kioo kile kushoto ni kulia na kulia ni kushoto, nilikuwa nimelisoma jambo hilo, lakini kusoma ni kitu kingine. Alikuwa upande mmoja, nikageuka kumfuata, akatoroka. Nikageuka zaidi. Akatoweka kabisa.

"Simama basi!"

"Nimesimama! Ni wewe unayenikimbia!"

Nilimfuata kwa hatua ndogondogo, kichwa kimeinama, hadi nikagonga tangi la maji kwa goti. Bibi alicheka mtandio ukamteleza mabegani. Mumewe, akasema, aliangusha vyungu viwili vya maua wiki yake ya kwanza.

Ukaja wakati wa bei. Mume wangu alikohoa, akajiweka sawa. Alieleza kwa heshima kwamba sisi tuna kiasi tulichokubaliana, kinacholingana na mbuzi mmoja. Bibi akauliza: mbuzi wa wapi? Wa Makueni, mume wangu akajibu. Dume au jike? Wakaingia katika mazungumzo marefu ya mbuzi, na mimi nilikaa pale na kamera mapajani kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Mwishowe bibi akasema sawa, mbuzi mmoja, lakini awe jike na awe na mimba. Mume wangu akakubali haraka hata akajishangaza. Nikatuma pesa kwa simu kabla hajatafakari.

"Sasa sharti langu," bibi akasema. "Utanipiga picha leo, na hiyo hiyo kamera. Nikiwa nimekaa."

"Umekaa?"

"Mwanangu, mume wangu alinifanyia majaribio miaka yote. Taa mpya, simama pale. Pazia jipya, simama pale. Filamu inabaki moja, simama pale imalizike. Nina picha sanduku zima na kwa zote nimesimama. Miguu hii leo inataka haki yake."

Nilipachika filamu kwa vidole vyenye jasho, mshale wa filamu ukalingana na alama ya kamera, nikafunga. Bibi aliketi kwenye stuli ya wateja wa studio, akatoa leso mpya, nyekundu, akampa mume wangu. Hapo tukajua urefu wake ulikuwa unatufaa nini: alitakiwa asimame nyuma ya bibi, ainyooshe leso juu iwe pazia.

"Tabasamu kidogo, bibi," nikasema.

"Sitabasamu. Kidevu hivi kinatosha? Taa yako iko wapi? Jua liko kushoto, usinipige na kivuli cha pua."

Nilizungusha kitufe cha kulenga. Uso wake ukatoka kwenye ukungu, ukawa wazi, kila mkunjo. Nilishika pumzi. Nikabonyeza. Ya pili nikabonyeza. Ya tatu, mikono ya mume wangu ilichoka, leso ikamwangukia kichwani, akasimama pale kama bi harusi, naye bibi akageuka kumwona, na kicheko kikamtoka ambacho alikuwa amekizuia. Nilibonyeza katikati ya kicheko hicho. Sikujua kama nimelenga. Nilikuwa nacheka mimi mwenyewe.

Ya mwisho nilimpiga bila leso, ameketi kwenye kizingiti cha mlango, giza la nyumba nyuma yake, mikono imetulia mapajani.

Njiani kurudi tulisimama kwenye daraja la mto Athi. Maji yalikuwa mengi, ya udongo mwekundu, yanapiga mawe. Nikapiga picha ya mto, nikampiga mume wangu, nikapiga gurudumu la pikapu kwa sababu lilikuwa zuri. Kila kitu kilikuwa kizuri. Filamu ikaisha.

Kuisafisha tulisafisha Kiboko, Jumapili baada ya kanisa. Kuingiza filamu kwenye mkebe wake kunataka giza totoro, kwa hiyo nilijifungia stoo ya mahindi, nikajifunika ile shuka ya Salama, na kwa joto la Kiboko nilidhani nitaiva kabla ya filamu. Mume wangu alikaa nje ya mlango.

"Imeingia?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Ukiniuliza tena nitakuingiza wewe."

Dawa ya kuisafishia nayo inataka maji ya baridi, na maji ya bomba letu mchana huo yalikuwa tayari kwa chai. Mume wangu alichukua pikipiki ya jirani, akarudi na mfuko wa barafu za watoto, zile za juisi zilizogandishwa kwenye vifuko vya nailoni, nyekundu na za machungwa. Tukazipanga kwenye beseni kuizunguka chupa ya dawa. Nikawa natikisa mkebe, yeye anasoma saa, na zilizoyeyuka kidogo tunazinyonya.

Nilipofungua mkebe na kuivuta filamu kutoka majini, kulikuwa na picha. Nimefundisha kwamba zitakuwepo, nimeandika ubaoni kwamba zitakuwepo, na zilipokuwepo nilipiga yowe hata jirani akauliza kama ni nyoka. Mume wangu aliishika ncha moja ya filamu, mimi nyingine, tukaizungusha juani uani, maji yanadondoka miguuni, tunasomeana.

"Huyu ni mimi na leso!"

"Gurudumu! Ona gurudumu!"

"Na hii ni nini?"

Tuliisogeza karibu na macho. Nilikuwa nimesahau kusogeza filamu kati ya picha ya mwisho ya Kitui na ya kwanza ya darajani. Mraba mmoja ulikuwa umepigwa mara mbili. Bibi alikuwa ameketi, mikono mapajani, na mahali palipokuwa na giza la mlango mto Athi ulikuwa unapita, na mawe yake yote.

Nilizipiga negativu kwa simu dhidi ya mwanga, nikazigeuza cheusi kiwe cheupe, nikazichapisha studio moja ya Wote. Ile ya makosa nilitaka kuiacha. Mume wangu aliitia kwenye bahasha mwenyewe.

Bibi alivaa miwani, akazitazama moja baada ya nyingine barazani kwake. Kwa ile ya kwanza akasema kidevu kingeshuka kidogo. Kwa ile ya kicheko akapitisha kidole ukingoni, akaiweka kando peke yake. Halafu akafika kwenye ile ya mto. Nikaanza kujitetea, kwamba ni mara yangu ya kwanza, kwamba nilisahau kuzungusha.

"Nyamaza kwanza. Hapa niko wapi?"

"Mtoni, bibi. Athi."

"Nimekaa?"

"Umekaa."

"Katikati ya maji, na sikulowa." Aliisogeza mbali, akaileta karibu, mabega yakaanza kumtikisika. "Miaka yote yule bwana na taa zake, hakuwahi kunitoa nje ya hii Kitui." Akavua miwani akajifuta macho, anacheka, na mume wangu akaanza kucheka, nami nikafuata. Alipopata pumzi akanisukumia kamera mkononi.

"Hebu basi, mwanangu," akasema, akikaa sawasawa kwenye kizingiti. "Sasa unikalishe Lamu."